Mikono inakufa ganzi, kiuno kinauma: ni hendo, ni siti au ni ukaaji wangu?

msambazaji_mld

Salaam aleikum wana pikipiki, nina swali na naomba msinicheke. Nmenunua pikipiki ya mkononi, ya cc 150 ya kawaida tu hizi mnaziona kila steji, lakini mwenyewe wa kwanza alikuwa kijana wa mbwembwe, katoa hendo ya kiwandani, yani ule usukani wa kushika, kaweka ile fupi iliyolala ya resi, na siti kaichonga mbele ikawa nyembamba halafu imeteremka kuelekea tangi, ukiiona imesimama tu unasema hii inakimbia. Mi kazi yangu kusambaza bidhaa za maduka kutoka hapa Malindi. Naenda Mambrui, Gongoni, mpaka Marereni huko kwa chumvi, siku nyengine Marafa, siku nyengine nashuka Gede na Watamu. Nyuma nafunga katoni, na siku ambayo sina mzigo nambeba msaidizi wangu ambaye si mwembamba.

Sasa shida. Nikifika Gongoni viganja vishakufa ganzi, haswa kidole kidogo na kile cha pili yake, mpaka kuhesabu chenji nababaika. Kiuno huku chini kinauma, shingo imekakamaa. Kwenye lami nastahamili, lakini nikiingia kwenye mchanga ndani ndani huko gurudumu la mbele linacheza huku na huku naona linataka kunitupa, nami nikikaza mikono ndo linazidi. Mimi ni mrefu, futi sita na ushei, sijui kama hiyo nayo inachangia.

Wenzangu wanasema weka hendo ndefu za juu zile za mapikipiki ya sinema za Marekani, na kuna fundi ashaniambia lete nikukatie nikuchomelee. Wengine wanasema uza. Mwenye ujuzi anieleze, ukaaji kwenye pikipiki una maneno gani hasa, au ni mwili wangu tu haujazoea?

steji_ya_juu

Weka hendo ya juu shida kwisha bro. Mi yangu nmeinua mwaka jana na nakaa kifalme, mgongo wima, abiria mwenyewe anajua amepanda kitu.

spana_14

Waaleikum salaam msambazaji. Usikate na usichomelee kitu kwanza. Hendo ni bomba linalobeba mtetemo wa injini na mashimo yote ya barabara kutwa nzima, ukishalichomelea pale pembeni ya weldi ndo panapopasuka, na halitapasuka umeegesha, litapasuka unapolivuta kwa nguvu yani wakati unalihitaji zaidi. Huyo fundi mwambie akuchomelee keria.

Sasa tuje kwenye swali. Mwili wako unagusa pikipiki mahali patatu tu, makalio kwenye siti, miguu kwenye vikanyagio na mikono kwenye hendo. Hizo sehemu tatu zimekaaje, ipi iko juu ipi iko chini ipi iko mbele, ndo zinaamua uzito wako unabebwa na nani. Na mimi kwa miaka yote ya kushika spana naona jambo moja, mtu akilalamika mikono inauma na mtu akilalamika pikipiki haishikiki ni malalamiko yale yale, manake mikono ikishapewa kazi ya kubeba kifua haiwezi tena kufanya kazi yake ya kuongoza.

Hiyo hendo ya resi haikutengenezwa na mjinga. Jamaa wa resi wanainama kwa sababu ya upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili upepo haukusukumi mara mbili, unakusukuma mara nne, kwahiyo mtu anayekwenda mia na hamsini na zaidi akikaa wima atavutwa nyuma mpaka mikono ichoke, akiinama upepo unapita juu yake na ule unaomgonga kifuani unambeba, mikono inabaki myepesi. Na vikanyagio vyake viko nyuma na juu, kwahiyo miguu inabeba, na tangi limechongwa magoti yalibane. Wewe sasa unaenda hamsini sitini na katoni za sabuni, upepo wa kukubeba kifua uko wapi? Kifua kinabebwa na viganja. Tena vikanyagio vyako vimebaki pale pa zamani, mbele, kwahiyo umeinama juu ukakaa kitako chini, kiuno kimekunjwa katikati. Huyo kijana kabadilisha sehemu moja kati ya tatu akaziacha mbili.

Na huo mchanga, sikiza. Pikipiki ikishaanza mwendo, hata mwendo mdogo tu kushinda mtu anayekimbia, haigeuki kwa kuzungusha usukani upande unaotaka kwenda. Inageuka kwa kusukuma kidogo, unasukuma mkono wa kulia mbele inalalia kulia, unasukuma wa kushoto inalalia kushoto. Kila mtu anafanya hivo hata kama hajui. Ni msukumo mdogo sana. Sasa kama kilo zako zote za kifua ziko kwenye hendo, kila tuta na kila shimo unalopita unausukuma usukani bila kutaka. Halafu gurudumu la mbele lina tabia ya kujirudisha lenyewe katikati, uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, umelazwa hivo makusudi, likichezacheza mchangani linajitafutia njia. Wewe ukikaza mikono unalizuia lisijirudishe. Ndo maana unasema nikikaza linazidi.

Jaribu hivi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, panda ukae unavyokaa siku zote, kisha achia mikono yote miwili bila kusogeza mwili. Ukianguka mbele, uzito ulikuwa kwenye mikono. Ukibaki pale pale, umekaa sawa. Na ukiwa barabarani penye nafasi, mwendo wa taratibu, hebu pepea viwiko juu chini kama kuku anayekausha mbawa huku umeshika hendo. Vikipepea bila shida basi mikono iko huru. Vikikataa, umeganda.

La kufanya, tafuta hendo ya kiwandani dukani kwa spea. Ya 150 hizi ipo tele. Kisha kabla hujasema haifai, legeza zile boliti za mkono wa klachi na mkono wa breki uzungushe mpaka ukikaa na vidole viwili viko juu ya huo mkono wa breki, kifundo kiwe kimenyooka sambamba na mkono wako kutoka kwenye kiwiko, kisikunjike juu wala chini. Watu wengi wanaendesha na ile mikono imeelekea juu, kila ukishika breki kifundo kinapinda. Hapo hununui kitu, ni spana tu. Kile kikanyagio cha breki ya mguu nacho kina nati ya kurekebisha, kiweke mguu ukiwa umetulia unakifikia bila kuinua kisigino.

Siti ndo baadaye.

steji_ya_juu

Fundi unaongea sana lakini mbona mi sina shida na yangu iko juu? Ungekuja kuiona kwanza.

spana_14

Iko juu kiasi gani? Ukishika, mikono iko chini ya mabega au juu ya mabega? Huko huko Marekani zilikotoka hizo hendo, majimbo kadhaa yana sheria kuwa hendo isipite usawa wa mabega ya dereva. Mikono ikiwa juu damu inashuka, vidole vinakufa ganzi vile vile, na ule msukumo mdogo nliosema unakuwa mgumu kwa sababu unasukuma ukiwa umening'inia. Halafu unakaa wima kabisa kifua wazi, kwenye mwendo wewe ndo tanga, unajishikilia kwa hendo usivutwe nyuma. Yani yeye msambazaji hendo inambeba, wewe hendo unaining'inia, nyote mikono ina kazi.

Na kingine, ulipoinua ulibadilisha kebo? Washa injini ikiwa imesimama, iache ingurume taratibu, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Mlio ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta ni fupi inavutwa. Siku utakunja kona kali pale sokoni na mzigo itakurukia mbele.

steji_ya_juu

Ntajaribu jioni. Lakini sishushi.

dada_viungo

Mi pikipiki sijui kuendesha, ni abiria tu, ila kazi yangu ni mambo ya mishipa na viungo kwahiyo hilo la vidole limenivuta. Kaka msambazaji umesema kidole kidogo na cha pili yake. Hao wawili wana mshipa wao wa fahamu, unapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unaruka, kisha unashuka ukingo wa nje wa kiganja. Ukiegemea hendo kwa ule ukingo wa nje unaubana saa nzima, tena na mtetemo juu yake. Kwahiyo maelezo yako na ya fundi yanakutana, umeuegemea mkono.

Ingekuwa ni kidole gumba, cha shahada na cha kati, huo ni mshipa mwengine, unapita katikati ya kifundo, na mara nyingi hubanwa na kifundo kilichokunjika. Watu wa boda hunijia na hii ya pili zaidi, kwa sababu ya ile mikono ya breki na klachi iliyoelekezwa vibaya na mkono wa mafuta unaoshikwa umekunjwa siku nzima. Kwahiyo wenye shida jiangalieni ni vidole gani kabla hamjaanza kununua vitu.

Na ganzi ikiisha ukishuka dakika chache si ya kuogopesha sana, badilisha ukaaji. Ganzi ikikuamsha usiku, au ukaanza kuangusha kikombe, au nyama ya kiganja inapungua, nenda hospitali usingoje.

Kuhusu kiuno, nina neno moja la kupingana na hao wa mgongo wima. Mgongo ukiwa wima kabisa kila shimo linapanda moja kwa moja kutoka kwenye makalio mpaka kichwani, pingili zinagongana. Kuinama kidogo mbele kutoka kwenye nyonga ni kuzuri, kidogo tu, ile hali ya mtu anayetaka kuinuka kwenye kiti. Ubaya ni kuinama kutoka kiunoni, nyonga zimelala nyuma na mgongo umepinda, hapo yale mapingili ya chini yanafunguka nyuma na kila tuta linayaonea. Mtu mrefu kwenye pikipiki fupi magoti yanapanda juu na yakipanda yanazivuta nyonga nyuma, hata ujitahidi vipi. Kwahiyo urefu wako unachangia ndio. Tumbo likaze kidogo, mabega yashushe. Na shuka unyooshe miguu, njia yote hiyo Malindi mpaka Marereni huwezi kukosa mahali pa kununua chai ya tangawizi.

buibui_abiria

Na sie abiria je, mbona hamtusemi? Mi nikipanda nakaa upande kwa ajili ya buibui, na kila mara dereva ananiambia mama lala, mama simama, sijui nifanye nini. Nyengine nahisi yeye ndo amekaa vibaya.

spana_14

Umeuliza swali zuri dada na mimi natamani madereva wasome hapa. Abiria akikaa upande, miguu yote na magoti yako upande mmoja, kwahiyo uzito haupo katikati. Dereva ili pikipiki isilale anajisogeza yeye upande wa pili, nyonga moja nje, bega moja chini, na hivo ndo anavyokaa kutoka asubuhi mpaka magharibi. Waulize wale wa steji kiuno kinauma upande gani, wengi watakwambia upande mmoja. Nguo nayo, lile buibui likishika mnyororo au spoku halikupi muda wa kupiga ukelele. Ukiweza vaa suruali ndani ukae mguu huku mguu huku, ukishindwa kusanya nguo yote mapajani uikalie, na sogea karibu na dereva, usikae kule mwisho juu ya keria. Abiria akikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma mbele panakuwa pepesi, usukani unaelea.

Kwenye kona usijilaze wala usijikaze kinyume. Tazama juu ya bega la dereva upande mnaokunja, mwili utafuata wenyewe kiasi kinachotosha. Na mshike kiuno au shika keria, usimshike mabega, ukimshika mabega umeshika usukani. Na helmeti ni ya wote wawili, sheria ya Kenya inasema dereva na abiria mmoja tu, wote na helmeti na koti la kung'aa. Mmoja, si mshikaki.

buibui_abiria

Hilo la mabega sikulijua wallahi, mi ndo nshikapo kila siku 😂

mzee_wa_mokowe

Nmepita hapa nimesoma yote. Mimi niko upande wa Lamu, bara, njia zangu ni Mokowe, Hindi, huko Mpeketoni, na mchanga naujua kabla ya hii lami ya Garsen na Witu kuja. Vijana wa kisiwani wao siku hizi wana boda nje ya mji wa kale, ndani ya vichochoro bado ni punda, na punda hana haja ya somo la ukaaji.

Fundi amesema kweli ila mambo ya mchanga ameyagusia juu juu. Mwanangu msambazaji, mchanga hauendeshwi umekaa. Unasimama juu ya vikanyagio. Watu wanadhani ukisimama uzito unapanda juu pikipiki inakuwa ya kuanguka, lakini ukisimama uzito wako unaingia kwenye pikipiki kupitia miguuni, chini kabisa, na pikipiki inapata uhuru wa kucheza chini yako bila kukutupa. Ukikaa wewe na yeye ni kitu kimoja, akitikisika umetikisika. Wale wa mbio zilizoanza 1978 kutoka Paris kwenda Dakar jangwa lote wanalivuka hivo, wamesimama, magoti yamekunjika kidogo yanabana tangi, makalio yamerudi nyuma, viwiko vimeinuka nje.

Vidole vya miguu usiviache vinaning'inia nje, kuna visiki. Kanyaga kwa ile sehemu pana ya mbele ya mguu au katikati, uchague. Macho mbali. Ukitazama gurudumu la mbele utakwenda pale unapotazama, na pale ni mchangani. Mafuta yashike mahali pamoja, usifunge ghafla, ukifunga uzito wote unakwenda mbele na mbele inachimba. Breki ya mbele kwenye mchanga mzito isahau, tumia ya mguu taratibu na injini. Kwenye lami ndo kinyume, huko breki ya mbele ndo inayofanya kazi kubwa kwa sababu ukifunga breki uzito unahamia mbele, na nawaona vijana wa boda wanaiogopa wanakanyaga ya mguu peke yake, gurudumu la nyuma linaburura mpaka kwenye matako ya matatu. Wanaiogopa kwa sababu wanaishika mikono imenyooka imekaza, basi mwili unapokwenda mbele mkono unageuza usukani na breki inakabwa zaidi. Bana tangi kwa magoti kwanza, mwili uzuiwe na mapaja, kisha ikamue polepole iende inaongezeka. Hutatupwa.

Sasa pale ninapotofautiana na fundi ni hendo. Hendo ya kiwandani imekadiriwa mtu wa kimo cha kati, aliyekaa. Mtu wa futi sita akisimama juu ya vikanyagio hiyo hendo inamwinamisha mpaka kidevu kinakaribia taa. Kwahiyo kwake mimi ningeinua, lakini si ule urefu wa steji ya juu. Inchi moja, inchi mbili mwisho. Zipo zile vipande vya kuinulia vya aluminiamu vinavyofungwa kwa boliti chini ya hendo ile ile, bila kukata wala kuchoma, na kebo nyingi zinavumilia kiasi hicho.

spana_14

Shikamoo mzee. Hilo nalikubali kwa mrefu anayeingia mchangani, nami nlimfikiria lami zaidi. Ila bado kebo ipimwe kule na huku kama nlivyosema, na zile boliti za vipande zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, mkikaza moja mpaka mwisho ndo nyengine, kipande kinapasuka.

mzee_wa_mokowe

Marahaba. Na upepo wa tairi je, hujamwambia. Mchanga ukiwa mwingi toa upepo kidogo tairi ipanuke, lakini usitoe sana ukiwa na katoni, tairi ikizunguka kwenye rimu inang'oa shingo ya tyubu na hapo utasukuma. Na ukirudi lami ujaze kabla hujaendelea.

msambazaji_mld

Nawashukuru sana jamani, sikutaraji. Nimerudi na habari. Hendo ya kiwandani nmeipata, ile ya resi nmemrudishia mwenye duka anaiuza tena kwa mwengine masikini. Mikono ya klachi na breki nmeizungusha chini nikifuata kifundo kama mlivyosema na hilo peke yake kwakweli limenishangaza kuliko hata hendo. Ganzi imepungua sana, ikija inakuja karibu na mwisho wa safari na inaondoka nikishuka tu. Mchangani nasimama, mara ya kwanza mapaja yalinitetemeka mpaka watoto wa njiani wakanizomea, lakini gurudumu la mbele linacheza na haliniudhi tena. Vipande vya kuinulia bado natafuta.

Kiuno bado. Si kama mwanzo lakini bado. Siti ile ile iliyochongwa, nateleza mbele kila nikipiga breki mpaka nakutana na tangi mahali ambapo mwanamme hataki kukutana na tangi. Na kitu cha pili, nikivuka daraja la Sabaki na kule mbele penye wazi wazi karibu na mashamba ya chumvi, upepo unanisukuma, haswa na katoni. Huo nao ni ukaaji au ni mzigo?

spana_14

Siti ndo zamu yake sasa. Mpelekee fundi wa viti, mwambie akutolee hiyo sponji akuwekee mpya, na usikubali ile laini. Laini dukani ni tamu, baada ya nusu saa imeshabonyea umekaa kwenye plastiki. Omba iliyo ngumu kidogo, mbele apapandishe ili siti iwe bapa au inue kidogo tu pua, usiteremke tena. Kwa urefu wako mwambie aongeze inchi moja au zaidi juu, magoti yafunguke, hapo ndo dada_viungo atafurahi. Usishushe vikanyagio, vitasugua chini ukilala kwenye kona. Na jalada liwe lile lenye kukwaruza kidogo, si lile la kung'aa.

Mzigo, katoni zote ziko juu ya keria nyuma ya ekseli siyo? Hapo zinainua mbele. Tengeneza mifuko ya pembeni, kulia na kushoto, ile ya turubai wanayoshona mjini, vitu vizito sabuni na mafuta ya kupikia viende chini humo na mbele kadiri inavyowezekana, biskuti na pampasi ndo ziende juu. Halafu zile springi za shokapu za nyuma zina ngazi za kukazia pale chini, siku ya mzigo zipandishe ngazi zote mbili sawa sawa, siku ya peke yako zishushe. Nyuma ikizama, uma wa mbele unalala zaidi na usukani unakuwa mzito kugeuza na mwepesi kuyumba. Watu wananunua shokapu mpya na hizo ngazi hawajazigusa tangu pikipiki itoke dukani.

mzee_wa_mokowe

Upepo ni vyote viwili mwanangu. Ukienda juu Gongoni bahari iko kulia kwako. Wakati wa kusi unakupiga kwa nyuma ya bega la kulia, wakati wa kaskazi unakupiga mbele ya bega hilo hilo, kwahiyo kwenda na kurudi si sawa na miezi si sawa. Ukifika darajani usikaze. Inama kidogo upunguze kifua, bana tangi, viwiko vilegee, na iache pikipiki ilalie kulia kidogo kwenye upepo huku inakwenda moja kwa moja, itafanya yenyewe. Hatari si upepo wenyewe, hatari ni pale unapokatika, lori likikupita au ukifika nyuma ya kingo, ukiwa umesukuma kwa nguvu unajikuta upande wa pili. Mkono laini ndo dawa. Punguza mwendo kabla ya daraja, si katikati yake.

Na katoni zile za juu ndo tanga la pili.

steji_ya_juu

Mzee na mwavuli je? Mi nina ule mkubwa wa kufunga kwenye pikipiki, wateja wanaupenda jua la mchana.

mzee_wa_mokowe

Mjini Malindi, mwendo wa pole, kutoka sokoni mpaka hospitali, sawa. Sabaki usivuke nao. Ukunje, ufunge kwa mpira pembeni ya siti, abiria avumilie jua dakika kumi. Na hiyo kebo ulisema utaijaribu jioni, jioni ipi?

steji_ya_juu

Nmejaribu mzee. Nikizungusha kushoto inanguruma kidogo 🙈 Fundi spana kebo ndefu inapatikana au mpaka Mombasa?

spana_14

Hapa hapa ipo, waambie dukani unataka ya pikipiki ya hendo iliyoinuliwa, uende na ile ya zamani mkononi wapime mbele yako. Na ukiibadilisha ipitishe njia ile ile, isipite juu ya kichwa cha injini itayeyuka ganda.